Je, Wajua kwa Nini Namba Iliyopigwa Tupa kwenye Pikipiki ya Kale Bado Husomeka?

Aliyewahi kununua pikipiki iliyotumika, iwe Mtwara mjini au Lindi, anaujua utaratibu: kabla ya fedha kutoka mfukoni, kadi hufunguliwa, shingo ya fremu hufutwa vumbi, na namba ya chesesi husomwa tarakimu moja moja, kisha ya injini. Wanaochunguza pikipiki za miaka ya 1910 na 1920 huanzia hapohapo, ila wao hutaka kujua kama chombo kiko vile kilivyotoka kiwandani.

Zamani namba ziligongwa kwa mkono, kila tarakimu kwa muhuri wake wa chuma na pigo la nyundo, ndiyo maana mara nyingi hupanda na kushuka kidogo. Binafsi, mstari ulionyooka mno hunitia shaka. Pigo hilo haliishii kwenye alama tunayoiona, bali hukibana pia chuma kilicho chini yake, hivyo hata namba ikipigwa tupa mpaka pakawa laini, sehemu iliyobanwa hubaki. Mchunguzi hupasugua mpaka pang'ae, kisha hupaka asidi ya haidrokloriki iliyochanganywa na kloridi ya shaba, ambayo hukila chuma kilichobanwa kwa kasi tofauti na kile cha pembeni, na tarakimu hujitokeza kama kivuli. Tupa ikizama kupita kina cha chuma kilichobanwa, asidi haisaidii tena.

Hata hivyo, fremu halali yaweza kubeba vipuri vya juzi. Triumph Model H, iliyoanza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1915 na kutumiwa sana jeshini katika Vita Kuu ya Kwanza, ilizungusha gurudumu la nyuma kwa mkanda. Ukiikuta na mnyororo huko nyuma, imebadilishwa. Mng'ao nao husema: sisi wa pwani, ambao usukani wetu huliwa na hewa ya chumvi, tungefurahia kromu, lakini kromu ilienea mwishoni mwa miaka ya 1920, na kabla yake viwanda vilivisha vyuma nikeli, yenye umanjano wa mbali.

Nati za Triumph hiyo zilipimwa kwa inchi. Fundi wa bodaboda wa Mikindani akiona spana zake za milimita zinakaa barabara kwenye kila nati ya pikipiki hiyo, ajue nati hizo hazikutoka Coventry.