Volubilis: mji wa Warumi peke yao?

Ukitaja magofu ya Kirumi, wengi huwaza Italia. Volubilis iko Moroko, kilomita 30 hivi kutoka Meknes, na ziara ya kuongozwa huchukua nusu siku. Ninachosikia mara nyingi kutoka kwa waliokwenda, na kinachoniuma, ni kwamba Warumi walikuta pori, wakajenga mji, na walipoondoka ukabaki mahame.

Si kweli. Waberiberi, wenyeji wa Afrika Kaskazini, waliishi hapo chini ya wafalme wa Mauretania ya kale (si Mauritania ya leo) tangu karne ya 3 KK au kabla. Ni baada ya Kaizari Caligula wa Roma kumuua mfalme Ptolemy, mwaka 40 BK, ndipo Roma ikaumeza ufalme huo. Utawala wa Kirumi ukaondoka yapata mwaka 285. Watu hawakuondoka! Hadi karne ya 7 walikuwa bado wanachonga maandishi ya Kilatini kwenye mawe ya makaburi yao. Idris I, wa kizazi cha Mtume, alipowasili mwishoni mwa karne ya 8 akiwakimbia Waabbasi, ukoo wa makhalifa wa Baghdad, alipokelewa na kabila la Waberiberi la Awraba hapa hapa Volubilis, mji ukiitwa Walila. Kaburi lake liko Moulay Idriss, mji ambao mgeni aliye katikati ya magofu huuona ng'ambo, mlimani. Mwongozaji asipokuonyesha, muulize.

Wengine hudhani tetemeko la 1755 ndilo lililoangusha kila kitu. Lilichangia, ila kabla yake mawe mengi yalikuwa yamekwisha kubebwa kwenda kujengea Meknes ya Sultani Moulay Ismail. Na Tao la Kaizari Caracalla, la mwaka 217, halikusimama hivyo siku zote: lilisimamishwa upya miaka ya 1930.

Kuna pia wanaosema vya thamani vyote vimehamishiwa makumbusho. Sanamu za shaba ndiyo, ziko Rabat. Lakini sakafu za mosaiki, yaani picha za vijiwe, ziko palepale zilipotandazwa, juani na mvuani. Itafute ile ya mtu aliyempanda mnyama kinyumenyume, kikombe mkononi: vijiwe vidogo vidogo, rangi zimefifia. Usizikanyage hata kidogo.

Na msipite haraka kwenye mashine za kukamulia zeituni. Zimegunduliwa zaidi ya 50, nyingine ndani ya nyumba za matajiri wenyewe. Mafuta ndiyo yaliyolipia mosaiki hizo, na mizeituni ingali imezunguka magofu hadi leo.