Baiskeli, Visiwa na Wanyamapori: Tunayoyaamini Nairobi Kuhusu Likizo ya Agosti na Yaliyo Kweli

Shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, mazungumzo ya matembezi hupamba moto Nairobi: nani anakwenda Naivasha kuendesha baiskeli, nani atavuka kwenda kisiwani, nani ana nafasi kwenye gari la kwenda Maasai Mara kuwaona nyumbu. Pamoja na mipango hiyo husambaa imani ambazo watu wazima wenye busara huzirudia bila kuzichunguza. Nyingi zina kasoro moja: huipanga safari kwa kalenda na picha, ilhali barabara, ziwa na wanyama hufuata mvua, upepo na kina cha maji.

Imani ya kwanza ni kwamba Julai na Agosti ni msimu wa jua nchini kote, kwa kuwa ndiyo miezi ambayo wageni wa kutoka Ulaya hufurika. Ukweli ni kwamba nyanda za juu huwa katika kipupwe. Naivasha, iliyo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, usiku wake unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na anayepiga hema bila blanketi nzito hatalala. Hata hivyo mvua za masika zimekwisha, njia za udongo zimekauka, na kwa mwendesha baiskeli hali hiyo ni bora kuliko joto la Februari. Pwani mambo ni tofauti kabisa, kwa sababu miezi hiyo ni ya upepo wa kusi. Bahari huchafuka, na anayetoka Shimoni, Pwani ya kusini, kwa mashua kwenda kisiwa cha Wasini na hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti aelewe kwamba maji huwa shwari na maangavu zaidi wakati wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi. Si lazima kuahirisha safari, ila nahodha akisema leo hatoki, asibembelezwe.

Imani nyingine ni kwamba kuendesha baiskeli katikati ya wanyama ni kujitafutia kifo, au, kwa upande wa pili, kwamba hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni salama kama uwanja wa michezo kwa sababu haina simba wa kuhofiwa kila kona. Zote mbili zinapotosha. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 1984 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 68, ni miongoni mwa chache ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu na kwa baiskeli, na ni kweli kwamba pundamilia, twiga, ngiri na swala tomi humtazama mpanda baiskeli kisha wakaendelea na malisho yao. Wa kuchungwa ni nyati, hasa dume aliye peke yake kichakani. Baiskeli haina mlio, kwa hiyo humfikia mnyama kabla hajajiandaa. Ukimwona karibu na njia, simama mbali, ongea kwa sauti ya kawaida, ngoja aondoke au rudi ulikotoka, wala usijaribu kumpita kwa kasi.

Hatari kubwa zaidi humo, kwa maoni yangu, haina pembe. Ni lile korongo la Ol Njorowa, lililochongwa na maji ya ziwa la kale lililokuwa kubwa kuliko Naivasha ya leo. Watu hudhani kwamba mbingu ikiwa wazi juu ya vichwa vyao basi korongo ni kavu na salama. Mvua ikinyesha mbali milimani, maji hushuka kwa ghafla kati ya kuta zile nyembamba, na watu wamewahi kupoteza maisha humo. Askari wa hifadhi wakikataza kushuka, amri hiyo haina mjadala.

Baiskeli zenyewe hukodishwa kwenye makutano ya barabara ya kwenda lango la Elsa la hifadhi hiyo, ambapo matatu hushusha abiria, kwa hiyo si kweli kwamba asiye na gari hawezi kufika. Kabla ya kulipa, bana breki zote mbili huku ukiisukuma mbele, zungusha pedali uone kama cheni inaruka, kisha bonyeza tairi kwa kidole gumba. Omba pampu, maana miiba ya migunga haina huruma. Kwenda korongoni njia huteremka, na ndiyo sababu wengi hujichosha asubuhi wakasahau kwamba kurudi ni kupanda, mara nyingi kwenye mchanga unaozamisha magurudumu.

Kuhusu viboko wa Ziwa Naivasha, wengi huamini kwamba hatari yao iko majini tu. Kiboko hutoka usiku kula nyasi, na anayesimama kati yake na maji yuko hatarini zaidi kuliko aliye kwenye boti iliyokaa mbali. Vukeni kwenda Crescent Island, kisiwa cha ziwa hilo, asubuhi, kwani alasiri upepo huinua mawimbi ziwani. Mahali hapo ni ukingo wa kasoko ya volkano, na maji yakipungua hugeuka rasi. Wala visiwa si vya Pwani na Naivasha pekee: Rusinga ya Ziwa Victoria, ambako mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, mwaka 1948, imeunganishwa na mji wa Mbita kwa daraja, na mtu anaweza kuingia akiwa juu ya baiskeli yake.

Nyumbu nao hawana ratiba. Zaidi ya milioni moja huhama kwa kufuata mvua na majani, na kundi linaweza kuvuka mto Mara leo, kesho likarudi lilikotoka. Anayekuahidi tarehe ya kuvuka anakudanganya. Ndovu nao usiwatafute katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946. Faru weusi na simba wamo, ndovu wa porini hawamo.

Mwisho ni ile imani inayonisikitisha zaidi, kwamba hifadhi ni za wageni wenye dola. Raia hutozwa kiingilio cha chini sana kuliko mgeni, ila abebe kitambulisho na alipe mapema kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa sababu malango ya hifadhi za KWS, shirika la serikali la wanyamapori, hayapokei fedha taslimu.