Kamera Haina Ubaya na Ngozi Yako

"Kameramani, mimi ni mweusi sana, picha hazinipendi. Utanisaidia unipunguze kidogo." Maneno haya nimeyasikia kwa maharusi, kwa wanafunzi wa mahafali, kwa wagombea wa udiwani wanaotaka bango, hata kwa mchungaji aliyekuja kupiga picha ya kalenda ya kanisa. Nimechoka kuyajibu mteja akiwa tayari ameketi kwenye kiti na foleni inamsubiri nje. Wacha niyajibu hapa mara moja, pamoja na mengine machache ambayo hayanikeri sana ila yananipotezea muda.

"Mimi mweusi, sitoki vizuri kwa picha"

Si kweli, na haijawahi kuwa kweli. Aliyekufanya uamini hivyo ni mpiga picha aliyepima mwanga vibaya, kisha akakuachia wewe lawama.

Kamera haijui kwamba mbele yake kuna mtu. Mita iliyo ndani yake hupima mwanga unaorudi kutoka kwa kila kitu kilicho kwenye fremu, halafu hudhani kwamba vyote, kwa wastani, ni kijivu cha kati, kile kinachorudisha takribani asilimia 18 ya mwanga. Sasa chukua studio ya picha za pasipoti: shuka jeupe nyuma, shati jeupe, uso mweusi katikati. Kamera inaona weupe umejaa, inaamua mwanga umezidi, inaubana. Shuka linageuka kijivu na uso unazama. Mteja akiona anasema, "Si nilikuambia?" Mpiga picha mwenye haraka anatikisa kichwa kukubali, anafungua kompyuta, anavuta mwanga juu mpaka uso unapata rangi ya majivu. Hapo wamekosea wote wawili, na anayebeba lawama ni ngozi.

Bibi harusi yanamkuta yale yale kwa sababu ya gauni, pamoja na bwana harusi aliyesimama kando yake. Bwana harusi huyo huyo, akisimama peke yake na suti nyeusi mbele ya pazia jeusi, kamera inaongeza mwanga kupita kiasi na uso wake unapauka. Mtu mmoja, ngozi moja, asubuhi moja: picha ya kwanza "mweusi mno", ya pili "mweupe ajabu". Kama shida ingekuwa ngozi, isingegeuka kila anapobadilisha alipoegemea.

Dawa yake inajulikana miaka mingi. Mita ya mkononi, ile unayoiweka chini ya kidevu cha mtu, hupima mwanga unaomwangukia, si unaorudi kutoka kwake. Kwa hiyo haijui wewe ni mtu wa Seme hapa Kisumu au wa Uswidi. Kama huna mita hiyo, weka kamera ipime nukta moja tu usoni, kisha upunguze stopu moja hivi, yaani mwanga ubaki nusu, maana ngozi nyeusi inatakiwa ibaki chini ya kijivu cha kati. Usipopunguza, kamera itamvuta mteja juu mpaka awe mtu mwingine. Hii si siri ya wakubwa. Ni somo la wiki ya kwanza, na bado kuna watu wana studio zao hapa mjini na hawajawahi kulisoma.

"Lakini si unaweza kurekebisha kwa kompyuta?" Naweza kiasi. Sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, huuhesabu moja kwa moja, kila stopu ikiwa nusu ya ile iliyo juu yake. Faili ghafi ya biti 14, yaani picha ambayo kamera haijaichakata, ina ngazi 16,384 za mwanga, lakini nusu nzima, yaani 8,192, iko kwenye stopu ya juu kabisa. Inayofuata inapata 4,096, ya tatu 2,048, na kuendelea kushuka. Uso mweusi uliopigwa gizani unaishi kwenye makombo ya chini, na ukiuvuta juu unavuta na chenga zake: vitone vya rangi kwenye mashavu, kivuli cha kijani chini ya macho. Ndiyo maana ngozi nyeusi huhitaji mwanga wa kutosha wakati wa kupiga, si huruma baada ya kupiga.

Sikatai kwamba dhana hii ina mzizi. Enzi za filamu, maabara zilipima rangi kwa kadi zilizotumwa na Kodak, kampuni ya filamu, na kwenye kadi hizo alikaa mwanamke mweupe. Wenye kazi walizoea kuziita kadi za Shirley. Picha yako ikichapishwa, kipimo cha "ngozi sawa" kilikuwa chake. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, aliyeifuatilia historia hiyo, aliambiwa na watu waliofanya kazi Kodak kwamba malalamiko yaliyosukuma filamu iboreshwe yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliokuwa hawaoni tofauti ya kahawia moja na nyingine kwenye matangazo yao. Chokoleti ilisikilizwa. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye, miaka ya 1990. Kwa hiyo bibi yako aliyepigwa picha mwaka 1970 na kutoka kama kivuli chenye meno hakuwa na kosa, na kwa kiasi fulani hata mpiga picha wake hakuwa nalo. Wewe wa leo, mbele ya sensa ya kisasa, huna hata kisingizio hicho. Hata wenye simu wamezinduka: Google ilianza kutangaza urekebishaji wa ngozi nyeusi kwenye Pixel 6 mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikachapisha kipimo cha rangi 10 za ngozi kilichotengenezwa na Ellis Monk wa Harvard.

Kinachobaki ni mwanga wenyewe. Ngozi nyeusi hung'aa. Hurudisha mwanga kwenye paji, kwenye mifupa ya mashavu, kwenye ncha ya pua. Ukiipiga kwa flashi ndogo iliyokaa juu ya kamera, utapata madoa meupe matatu na giza lililobaki. Ukiipa mwanga mpana wa dirisha, au flashi uliyoielekeza kwenye ukuta mweupe, mng'ao huo huo ndio unaochora uso. Sijaona ngozi inayolipa mwanga mzuri kuliko hii yetu. Ya chokoleti iliyoiva, hasa, inanifanya nisahau kuangalia saa.

Dada zangu wa vipodozi nao wanisikie: poda na fandesheni zenye kinga ya jua mara nyingi huwa na titani oksidi au zinki oksidi, na zote mbili hurudisha mwanga wa flashi. Kwa macho uko sawa. Kwenye picha uso mweupe, shingo nyeusi. Jipigeni picha moja ya simu na flashi kabla ya kutoka saluni.

Na sasa lile ombi lenyewe, "nipunguze". Sifanyi, na mkinisema mitaani semeni na sababu. Kwanza, ukimwangazia mtu mmoja kwenye picha ya familia ya watu ishirini, anaonekana mgeni kwenye ukoo wake. Pili, kwa picha za viza huo ni mtego: Marekani wanataka inchi 2 kwa 2 na hawakubali picha iliyobadilishwa sura kwa kompyuta. Ada umelipa, umepanda basi la usiku hadi Nairobi, unarudishwa kwa sababu ulitaka kuwa mweupe kuliko ulivyo.

Sababu ya tatu ndiyo inayonikasirisha kweli. Huku kwetu kazi za matanga hazikosekani, kuanzia Nyakach hadi Bondo, na mpiga picha huitwa mapema. Familia inakuja na kitambulisho cha marehemu. Inataka picha ya programu ya mazishi na nyingine kubwa ya kusimamishwa kando ya jeneza. Nauliza kama hakuna nyingine. "Mama hakupenda picha. Alikuwa anasema yeye ni mweusi mno." Mama wa watu ameishi zaidi ya miaka sabini, amelea watoto na wajukuu, na kilichobaki ni picha ya sentimita chache iliyopigwa na karani mwenye haraka. Ukiikuza hadi A3 unapata vitone. Watu wanalipa pesa nyingi kwa hema na viti, lakini hapo hakuna pesa inayonunua kitu. Leteni wazee wenu wakiwa hai. Nitawapiga karibu na dirisha, bila haraka, na hawatahitaji kupunguzwa chochote.

"Tukutane ufukwe wa Dunga saa saba, jua likiwa safi"

Hapana. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Ukienda Maseno utaupita mstari wenyewe. Jua letu la mchana linakaa utosini, hasa Machi na Septemba, na kwa sababu saa zetu zinafuata mstari ulio mashariki zaidi, kilele chake hapa ni karibu saa saba kasorobo, si saa sita. Kwa hiyo saa saba unayoitaka ndiyo mbaya kuliko zote: macho yanakuwa mashimo na kivuli cha pua kinafunika mdomo. Njoo saa kumi na moja na nusu jioni. Usichelewe, maana jua la ikweta huzama wima, halikawii kama wanavyoona watu wa Ulaya kwenye video zao za mafunzo. Kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja limeshaingia ziwani, na mwanga mzuri kabla ya hapo hautimizi saa nzima. Ukichelewa kwa sababu ya boda, umechelewa. Kama ni lazima iwe mchana, tafuta baraza au mti wenye kivuli kizito, simama ukingoni mwa kivuli ukitazama kwenye uwazi.

"Nipe zote, hata zile mbichi"

Sitoi. Kwenye harusi napiga nyingi ili nisikose ile moja ambayo mama mkwe hajafumba macho. Zilizobaki ni watu wanaotafuna. Kuzichagua ni sehemu ya kazi uliyonilipa, tena sehemu ngumu. Faili ghafi nayo haifunguki kwenye simu nyingi, na ikifunguka imepooza, haina rangi. Utaituma kwa shangazi yako Mombasa, naye atasema kameramani wa Kisumu hajui kazi.

"Picha zako hazionekani vizuri"

Zimepitia WhatsApp. Kamera yangu inatoa picha yenye pikseli 6,000 kwa 4,000. Ukiituma kwa njia ya kawaida, upande mrefu unabaki na 1,600 hivi. Chaguo la HD lililoongezwa mwaka 2023 limesaidia, lakini bado hubana. Tuma kama dokumenti. Na tafadhali usinipigie simu kuhusu bango lililotoka na ukungu kabla hujaniambia ulimpa mchapaji faili gani.

"Nimelipa, kwa hivyo ni zangu"

Hapa mteja mara nyingi yuko sawa, na wanaohitaji kufunzwa ni wapiga picha wenzangu. Wengi wamenakili mkataba wa Kimarekani kutoka intaneti na wanaamini picha ni mali yao milele. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi ikiagizwa, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa makubaliano yenu yaseme vingine. Kwa hiyo andikeni, hata kama ni karatasi moja yenye sahihi mbili. Mimi huandika kwamba hakimiliki inabaki kwangu na mteja anazitumia anavyotaka bila kuziuza. Asiyekubali tunazungumza bei nyingine.

Lakini kumiliki picha ni jambo moja, na kuanika uso wa mtu ni lingine. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, uso wa mtu ni data yake. Mwaka 2023 kamishna wa ulinzi wa data aliipiga shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na klabu moja shilingi 1,850,000 kwa kumweka mteja mtandaoni bila kumuuliza. Wenye shule za huku mnaotaka picha za watoto kwenye bango la "Nafasi Bado Zipo", leteni kwanza fomu zilizotiwa sahihi na wazazi.

"Nikipata kamera nzuri nitaanza kazi"

Hili huletwa na vijana, wengi wametoka kumaliza chuo, na wako tayari kukopa kwa ajili ya bodi ya kamera ya laki mbili. Usikope. Nunua bodi iliyotumika, lenzi ya 50mm f/1.8, rifleta (ule ubao wa kurudisha mwanga usoni), na diski mbili za kuhifadhi picha, kwa sababu diski moja itakufa na itachagua kufa wiki ya harusi. Chukua amana ya nusu kabla ya kuweka tarehe ya mtu kwenye kalenda, hata akiwa binamu yako. Hasa akiwa binamu yako. Ukija kwangu kujifunza, utashika rifleta msimu mzima wa harusi za Desemba kabla sijakupa kamera, na utakuwa unaniambia mwanga unatoka wapi kabla sijakuuliza. Kuanzia Januari tunaweza kuzungumza habari za lenzi.