Vitamini D na thairoidi: yanayosemwa na yalivyo

"Meza vitamini D kwa wingi, antibodi zitashuka, hata dawa utaacha." Hii nimeshatumiwa sijui mara ngapi, na kinachokera ni kwamba haijazuka hewani.

Kwenye ugonjwa wa Graves (tezi inazidisha homoni) na Hashimoto (tezi inachoka) kinga ya mwili inatoa antibodi, yaani protini zake za kinga, na kushambulia thairoidi, tezi ya shingoni. Miaka ya 1980 wataalamu wakaona seli za tezi za wagonjwa hawa zimebeba HLA-DR, alama ambayo kawaida wanakuwa nayo askari wa kinga wenyewe. Sasa maabara, ukiziweka seli hizo kwenye kisahani ukazimwagia intaferoni gama, kemikali ya kinga, alama inajitokeza, ukiongeza kalsitrioli, yaani vitamini D iliyoshageuzwa tayari kufanya kazi, inapungua. Hadi hapo kweli kabisa.

Ila kalsitrioli sio kile kidonge cha D3 ulichonunua duka la dawa. Chenyewe kinapita ini kwanza, halafu figo, ndo kinageuka kalsitrioli, na figo zinaibana sana, sio umeze mara tano upate mara tano. Ukipitiliza kinachopanda ni kalsiamu kwenye damu, unabaki na kiu, kukojoa kila saa, hata mawe ya figo.

Wengine nao wanasema basi haina kazi. Hapana jamani. Utafiti wa VITAL kule Marekani uliwapa watu D3 yuniti 2,000 kila siku kwa miaka kama 5, na matokeo ya 2022 yakaonyesha magonjwa ya kinga kujishambulia yalipungua kwa 22%, lakini hayo ni yote kwa pamoja, na ilikuwa kuzuia yasianze, sio kumtibu aliye nayo. Tezi ikishachoka ni levothairoksini tu, kidonge cha homoni ya tezi.

Halafu hii ya "vidonge vya nywele havina shida", hapa ndo watu wanaumia. Biotini, vitamini iliyomo humo, ya miligramu 5 au 10 haigusi tezi, inavuruga kipimo, maana baadhi ya mashine zinatumia biotini hiyohiyo kunasa homoni, basi TSH (homoni inayoiamuru tezi) inasoma chini, T4 (homoni ya tezi yenyewe) inasoma juu, karatasi inasema Graves. Dada yangu alibaki kidogo aanzishiwe kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni za tezi, nesi ndo akamuuliza, "Unameza nini kingine dada?" Akatoa kichupa kwenye mkoba. Akaacha siku tatu, akapimwa tena, TSH iko sawa.