Kuishi na seliaki Bukavu: shida si bugali, shida ni ngano inayoingia kimya kimya

Mgonjwa akishaambiwa kwamba ana seliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na gluteni ya ngano, swali linalofuata karibu kila mara ni la duka. Nitapata wapi mkate usio na gluteni? Makaroni je? Na nitalipa kwa pesa gani? Mimi kama mtaalamu wa lishe ninamjibu kwa kumrudisha jikoni kwake. Bugali wa muhogo au wa mahindi, sombe (majani ya muhogo), lengalenga (mchicha), maharagi, sambaza (samaki wadogo wa ziwani), ndizi, viazi, mchele, nyama, mayai, karanga, parachichi: vyote hivyo kwa asili yake havina gluteni hata kidogo. Mtu wa Ulaya akipata ugonjwa huu anaachishwa chakula alichokula tangu utoto. Sisi, chakula tulichokula tangu utoto ndicho dawa yetu. Kazi iliyobaki ni kuizuia ngano isiingie katika chakula hicho kupitia mikono, mafuta, chekeche na mashine ya kusaga, halafu kujifunza kukataa chakula cha watu bila kuvunja udugu. Hiyo ya pili ndiyo ngumu zaidi, na nitakaa nayo kwa muda.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Seliaki si aleji. Mwenye aleji ya ngano anaweza kuvimba midomo au kubanwa pumzi ndani ya dakika chache. Seliaki inakwenda polepole. Gluteni ni protini iliyo ndani ya ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Kwa baadhi ya watu waliozaliwa na vinasaba vinavyoitwa HLA-DQ2 au HLA-DQ8, protini hiyo inaichochea kinga ya mwili ishambulie ukuta wa utumbo mwembamba. Ukuta huo umejaa vinyweleo vidogo sana vinavyofyonza chakula. Vikiharibika na kulala, mtu anakula vizuri lakini mwili wake haupati kitu. Ndiyo maana dalili si kuhara na tumbo kujaa tu. Utaona mtu mwenye upungufu wa damu usiokubali vidonge vya madini ya chuma, mama anayepoteza mimba bila sababu kujulikana, mtoto asiyeongezeka urefu wakati ndugu zake wanaongezeka, au vipele vinavyowasha sana viwikoni na magotini. Wengine hawajawahi kuhara hata mara moja.

Uhusiano wa ugonjwa huu na ngano ulithibitishwa na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa ameishuku ngano tangu miaka ya 1930. Njaa kubwa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 ilipoufanya mkate uadimike nchini mwake, watoto wagonjwa aliowatibu walipata nafuu, na mkate uliporudi walizidiwa tena. Alitetea tasnifu yake Utrecht mwaka 1950. Mpaka leo tiba imebaki ileile: kuacha gluteni kabisa, maisha yote. Hakuna kidonge.

Na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri: usiache mkate kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili zinazoitwa tTG za aina ya IgA, na mwili unazitengeneza kwa sababu gluteni ipo. Ukiiacha, zinashuka, utumbo unaanza kupona, na majibu yatasema huna kitu hata kama unacho. Aliyekwisha kuacha anatakiwa arudie kula ngano katika mlo zaidi ya mmoja kwa siku, kwa wiki 6 angalau, ndipo apimwe. Pamoja na tTG, omba wapime IgA yote kwa ujumla, kwa maana wako watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha, na kwao kipimo cha kawaida kinadanganya. Majibu yakionyesha seliaki, kwa mtu mzima kinachofuata ni endoskopi na kuchukua vipande vidogo vya utumbo ili viangaliwe kwa hadubini. Si kila maabara mjini inafanya kipimo cha tTG. Uliza kama wanakifanya wenyewe au wanatuma damu kwingine, na uulize bei kabla hujatoa mkono.

Nasisitiza kipimo kwa sababu ya mahali tunapoishi. Kwetu tumbo linaloharisha kwa miezi lina sababu nyingi zilizo karibu zaidi: giardia, amiba, minyoo, kifua kikuu cha tumbo, VVU. Mtu akijipa mwenyewe jina la seliaki kwa vile ameona video kwenye simu, akaacha mkate na kuacha pia kutafuta giardia, ataendelea kukonda. Na kinyume chake kipo: wako wanaotibiwa tifoidi mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyewahi kuwauliza wanakula nini.

Sasa tuingie jikoni. Kiasi cha gluteni ambacho wengi wenye seliaki wanaweza kukivumilia bila utumbo kuharibika ni kama miligramu 10 kwa siku. Kipande kimoja cha mkate kina gramu 2 au zaidi, yaani mara 200 ya kiasi hicho. Kwa hiyo makombo yaliyobaki kwenye kisu yanatosha kuleta madhara. Kukaanga hakuiharibu gluteni, wala kuchemsha. Ukinunua sambaza au ndizi za kukaanga barabarani, angalia sufuria: mafuta yaleyale ndiyo yaliyopika mandazi asubuhi? Muulize mama anayeuza kama samaki wamepakwa unga kabla ya kuingia kwenye mafuta. Wengi watakujibu kweli ukiwauliza kwa heshima.

Unga ndio unaonisumbua zaidi. Muhogo hauna gluteni, mtama hauna, ulezi hauna, mahindi hayana. Lakini mashine iliyousaga muhogo wako huenda dakika kumi kabla ilisaga mchanganyiko wa uji wa watoto: mahindi, soya, mtama, na mara nyingi ngano ndani yake. Sokoni Kadutu au Nyawera, kopo lililopima unga wa ngano ndilo linalotumbukizwa katika gunia la unga wa muhogo pembeni yake. Ushauri wangu ni wa kizamani. Nunua muhogo mkavu au nafaka nzima, uchague, uoshe, ukaushe, halafu utwange kwa kinu chako na kuchekecha kwa chekeche lako ambalo halijagusa ngano. Kama nguvu haziruhusu, tafuta mashine ambayo haisagi ngano kabisa, na mwenye mashine akuahidi hivyo akikutazama. Sufuria za chuma zikisuguliwa kwa sabuni zinatosha. Mwiko wa mti wenye nyufa unafaa uwe wako peke yako.

Muhogo una jambo lake jingine. Muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha una sumu ya sayanidi, na watu wanaoutegemea bila protini ya kutosha wanapata konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla. Daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, magharibi mwa Kongo, na hapa Kivu Kusini umeonekana pia. Mgonjwa wa seliaki anayeambiwa “kula muhogo tu” anaweza kuongeza bugali na kusahau samaki. Kwa hiyo loweka muhogo siku 3 au zaidi, uanike vizuri, na kando ya bugali pasikose maharagi, sambaza, yai au karanga.

Vitu vya dukani visomwe. Pakiti zetu nyingi zimeandikwa Kifaransa, kwa hiyo tafuta blé na froment (ngano), orge (shayiri), seigle (rai) na malt (malti, yaani shayiri iliyooteshwa). Vile vidonge vya ladha tunavyoviponda juu ya sombe vinatofautiana. Kimoja hakina ngano, jirani yake rafuni kina unga wa ngano, na mtengenezaji anaweza kubadilisha bila kutangaza. Palipoandikwa kwamba hakuna gluteni, kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka isizidi miligramu 20 kwa kilo. Bia ya kiwandani inayotengenezwa kwa malti ya shayiri, hapana. Kasiksi, pombe ya ndizi iliyochachushwa kwa unga wa mtama, haina gluteni, mradi mpishi wake hakuchanganya unga mwingine.

Maziwa yanaleta mkanganyiko. Utumbo ulioharibiwa na seliaki unapoteza pia kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa, laktosi, kwa hiyo mgonjwa anaharishwa na maziwa na kudhani kwamba kuacha ngano hakusaidii. Utumbo ukipona baada ya miezi, wengi wanarudia maziwa bila shida. Lakini wako watu wazima wengi katika jamii zetu wasioimeng'enya laktosi vizuri kwa maumbile tu, bila ugonjwa wowote, wakati katika jamii za wafugaji wengi wanaendelea kuimeng'enya mpaka uzee. Kwa hao wa kwanza mashanza (maziwa ya mgando) inapita vizuri kuliko maziwa mabichi, kwa kuwa bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo, na jibini ya Masisi iliyokomaa ina laktosi kidogo sana. Kutovumilia laktosi kunatesa ila hakuharibu utumbo. Ukinywa kikombe ukaumwa, kesho umepona. Seliaki haina huruma hiyo. Na maharagi yanayojaza gesi, hayo loweka usiku kucha na umwage maji. Usiyaache, protini yake unaihitaji.

Nije kwa lile gumu. Hapa kwetu mtu anayekonda, anayeumwa tumbo kila akila kwa watu, jirani hawasemi utumbo. Wanasema karuho, wanasema amelishwa sumu. Ninao wagonjwa waliofika kwangu wakiwa wamekwisha kunyweshwa dawa za kutapisha, na tayari familia mbili hazisalimiani. Kisha mimi ninamwambia mtu huyohuyo akatae mandazi kwa shangazi yake! Kukataa chakula Bukavu kunasikika kama shutuma. Ndiyo maana ninawafundisha wagonjwa kutokataa mikono mitupu. Taja kwanza unachokula, ndipo useme usichokula: “Mama, bugali na sombe nitakula kwa furaha, ila ngano daktari alinikataza, inanikata tumbo la ndani.” Sema kabla ya siku ya sherehe, kwa yule anayesimamia sufuria, na omba upakuliwe wa kwanza kabla vijiko havijazunguka. Kwenye kilio hakuna nafasi ya maelezo, kwa hiyo nenda umeshakula na ubebe karanga au ndizi. Mwanamke aliyeolewa karibuni ana mzigo zaidi, na kwake ninapendelea mume ndiye azungumze na mama yake. Mama mkwe akisikia kwa mwanawe kwamba huu ni ugonjwa wenye karatasi ya maabara, mara nyingi yeye ndiye anayekuwa mlinzi mkali kuliko wote.

Kanisani pia kuna swali, na mji wetu una Wakatoliki wengi. Hostia, mkate wa Misa, ni ya ngano. Barua ya Vatikani ya mwaka 2003, iliyotiwa saini na Kardinali Joseph Ratzinger, inasema kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Ekaristi, ila yenye gluteni kidogo sana inakubalika, na asiyeweza hata hiyo anaruhusiwa kupokea kwa divai peke yake. Kamwone padri kabla ya Misa. Mweleze kwamba unahitaji kikombe cha pembeni, kwa sababu katika kikombe kikuu anadondosha kipande cha hostia. Hakuna haja ya kuacha kukomunika, na inaniuma kuona watu wanabaki kwenye benchi miaka mingi kwa kuona haya kuuliza.

Watoto wa shule ni wa kulindwa na watu wazima, kwa vile mtoto hubadilishana biskuti na wenzake na hawezi kulaumiwa. Ongea na mwalimu. Na katika nyakati hizi ambazo familia nyingi zimehama au zinapokea mgao, mjue kwamba biskuti za nguvu nyingi kwa kawaida ni za ngano, na unga wa uji wa mgao unaweza kuwa wa mahindi na soya au wa ngano na soya. Tazama mfuko. Mweleze anayegawa kabla jina halijaitwa, uombe mchele au maharagi badala yake.

Baada ya kuacha gluteni, nguvu na choo huanza kutengemaa ndani ya wiki, lakini ukuta wa utumbo wa mtu mzima unaweza kuchukua miaka kupona. Damu ya tTG ipimwe tena baada ya miezi 6 na baada ya mwaka. Isiposhuka, tunarudi pamoja jikoni kutafuta ngano inakopitia. Halafu kuna ndugu: mzazi, mtoto, kaka na dada wa mgonjwa wana uwezekano wa karibu mmoja kati ya kumi wa kuwa nayo, hata bila dalili yoyote. Walete wapimwe, na waje wakiwa bado wanakula mikate yao.