Utando Juu ya Chai Si Dawa ya Maji

Masika yakipita, malalamiko ya chai huongezeka. Juzi mama mmoja wa Makorora, hapa Tanga, alituletea kwenye maabara yetu ya maji chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, kwenye chupa ya soda. Juu umetanda utando unaong'aa kama mafuta, rangi imekuwa nyeusi badala ya wekundu. "Mnatutilia dawa mpaka chai inakufa," akasema.

Naomba tuelewane, kwa sababu hili tumelieleza mara nyingi. Klorini, ndiyo hiyo dawa ya maji, haifanyi utando. Kwenye bomba tunalenga ibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Pua nyepesi huisikia, ndiyo, lakini maji yakitokota huondoka na mvuke.

Utando ni chokaa. Kalisiamu na bikaboneti, madini yaliyoyeyuka kwenye maji magumu, yaani maji yenye chokaa nyingi, hukutana na majani ya chai na hewa, vikagandamana juu ya kikombe. Bikaboneti hizo hizo ndizo zinazoitia chai weusi. Kamulia limau uone rangi inavyofunguka na utando unavyokatika. Chokaa hii imetoka wapi? Mama yule, tulipomdodosa, alikiri kwamba bomba likikatika hujaza simtanki kwa maji ya kisima cha jirani. Maji yetu ya bomba hutoka Mto Zigi, kwenye bwawa la Mabayani. Visima vingi vya hapa mjini vimechimbwa kwenye mawe ya chokaa, ndugu ya yale ya mapango ya Amboni. Utapata wapi maji laini humo? Hata sabuni haitoi povu.

Maji hayo yachemshe yatokote dakika chache, yaache yatulie, kisha mimina ya juu taratibu. Sehemu ya chokaa itabaki chini ya sufuria. Kisima cha karibu na bahari ni habari nyingine. Chumvi haiondoki kwa moto, na kadiri unavyochemsha ndivyo inavyokolea.

Wanaounganisha pampu ya kisima moja kwa moja na bomba la mtandao wetu wa maji waache. Shinikizo likishuka, maji ya kisima huingia kwa majirani. Kuchafua maji au kuharibu miundombinu yake ni kosa chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Usisubiri kukatiwa huduma na kufikishwa mahakamani.

Anayetaka kupimiwa alete maji; chai iliyokwisha kupikwa hatuipimi. Kwa kipimo cha vijidudu, chukua kwetu chupa iliyotakaswa, usiisuuze. Futa mdomo wa bomba, fungulia maji dakika mbili au tatu, jaza bila kugusa shingo ya chupa, acha nafasi kidogo juu, funga, weka kwenye ubaridi na ulete siku hiyo hiyo. Andika tarehe, saa na chanzo: bomba, kisima au tangi. Kama umechanganya, andika umechanganya. Hatumgombezi mtu.