Hollókő: ya zama za kati ni ngome, si nyumba

Kila picha ya Hollókő inayosambazwa huja na maelezo yaleyale: "kijiji cha zama za kati". Jamani, hapana. Cha zama za kati pale ni ngome ya juu kilimani. Zile nyumba nyeupe zilijengwa upya baada ya moto wa 1909.

Kijiji kiko mkoa wa Nógrád, Hungaria, kwenye vilima vya Cserhát, yapata kilomita 90 kaskazini-mashariki mwa Budapest. Ngome ni ya karne ya 13, baada ya uvamizi wa Wamongolia wa 1241 na 1242. Waturuki waliiteka 1552, wakaondolewa moja kwa moja 1683. Ya ngome yatosha.

Nyumba ndizo zinazopotoshwa. Zamani Wapalóc, wenyeji wa vilima hivyo, walijenga kwa mbao bila msingi na kuezeka kwa nyasi. Moto ukishika, mtaa mzima uliteketea. Baada ya 1909 waliweka msingi wa mawe, kuta za matofali mabichi ya udongo na makapi, na vigae juu. Mpango wa nyumba hawakuugusa, na huo ndio wa kale kweli: upande mfupi unatazama barabara, mlango uko ubavuni na unaingilia jikoni, chumba kikubwa mbele, ghala nyuma. Ndugu wakigawana kiwanja chembamba, nyumba ya pili hukaa nyuma ya ya kwanza.

Baraza ya nguzo za mbao watu huiita pambo. Ina kazi! Paa limeshushwa juu yake ili mvua isiupige ukuta, maana tofali bichi likilowa humomonyoka kuanzia chini. Ndiyo maana pia hupakwa chokaa, kisha hupakwa tena. Ukilipiga lipu ya saruji, unyevu unakwama ndani, lipu inabanduka na udongo wake.

UNESCO ilikiingiza kijiji hiki kwenye orodha ya Urithi wa Dunia 1987 kama kijiji hai, chenye watu wanaoishi humo, pamoja na mashamba yake membamba. Hapo ndipo ninaposita. Nyumba kadhaa sasa ni makumbusho, karakana na malazi ya wageni. Kuta zinatunzwa vizuri, lakini ghala la nyuma lilijengwa kwa ajili ya mavuno, na sioni kama nyumba isiyo na mkulima inaweza kuhesabiwa kuwa imehifadhiwa yote.